Mzee Nyambu wa Yukulele, Hukungoja Jibu la Ochieng'

Jameni, sijui hata nianzie wapi. Mzee Nyambu wetu wa yukulele ameenda jana asubuhi, hapa Voi. Mimi jirani yake nimefika na uji wake nikakuta binti yake amekaa tu kwa mlango. Uji nimerudi nao.

Kwa wale hamumjui, ni yule mzee wa karibu miaka tisini na kagita kadogo, nyuzi nne, kama ka mtoto. Mwaka huu alianza project akaiita "Nyambu Peke Yake". Nyimbo sita za miaka ya hamsini, zile walikuwa wanapiga kwa mashamba ya mkonge.

Peke yake wapi! Kuna akodion ya Mzee Mwakesi wa Mwatate. Kuna chupa ya soda ya Mzee Ochieng' wa Marungu, huyo anaikwaruza na msumari mpaka unasimama kucheza. Nikamwambia, "Baba, hii solo ina watu wengi." Akasema, "Solo maana bosi ni mmoja. Wewe shika simu."

Simu ilikuwa yangu, na miguu pia. Naenda kwa kila mmoja, namwekea earphone asikie yukulele, anapiga yake, narekodi. Kwa Mwakesi tulijifungia stoo ya mahindi, maana kuku nao walitaka kuimba.

Lakini kulikuwa na siri.

Ochieng' aliletwa huku na kazi ya reli, akapenda msichana wa Kitaita. Siku ya harusi wakwe wamekaa wanangoja muziki, kumbe Mwakesi ameenda kupigia meneja wa mkonge karamu yake! Nyambu akakuja na yukulele tu, akapiga kutwa nzima mpaka vidole vikatoka damu. Wakwe bado walicheka. Ochieng' akaapa hatapiga tena na hiyo akodion. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini wameniambia wote, kila mtu na yake.

Kwa nyimbo tano za kwanza Mzee Nyambu aliwatenganisha, huyu huku, huyu kule. Wa sita ni ule wa harusi. Huo alitaka kuwaweka pamoja, na hakuna aliyejua.

"Mama Wakesho," akaniambia, "ukifungua mdomo kazi imekufa. Na siku zangu unaziona." Miguu ilikuwa imevimba, anakaa kwa kushikiliwa na mito.

"Baba, mimi nitaambia nani?"

"Voi yote."

Nilimeza hiyo siri wiki tatu. Nikakonda!

Alhamisi iliyopita nikaenda Marungu kumalizia. Ochieng' akapiga chupa vizuri, vizuri, mpaka nikajisahau. "Woi, hii ikikutana na akodion!"

Msumari ukasimama.

"Akodion ya nani?"

"Ya... ya kanisa."

"Mama Wakesho. Ya nani?"

Nikajifanya nakunja waya ya earphone. Akachukua mkongojo na koti, tukaenda mpaka Voi bila neno moja. Mimi, bila neno!

Hakubisha hodi. "Nyambu, umeniweka na yule mtu?"

"Ndiyo."

"Umenidanganya, na uzee huu wote."

"Ningekuuliza ungekubali?"

Ochieng' akanigeukia. "Futa sauti yangu. Sasa hivi, nikiona."

Nimeshika simu. Nikaangalia Mzee Nyambu. Akatafuta pumzi, akaikosa, akaitafuta tena. Akasema, "Ni sauti yake. Akisema futa, futa. Lakini asikize kwanza."

Nikabonyeza. Sasa, Mwakesi hakujua nimeshaanza kurekodi, kwa hivyo mwanzoni anasikika akiongea tu: "Huu si ule wa harusi ya Ochieng'? Siku hiyo nilikuwa mjinga. Mjinga kabisa." Halafu akodion ikaingia.

Ochieng' alisikiza mpaka mwisho, amesimama. Akasema, "Bado anakimbiza wimbo." Akatoka. Hakusema futa, hakusema wacha.

Kutoka hiyo siku nikileta uji, kabla hata ya salamu, "Ochieng' ametuma neno?" Jumamosi, bado Baba. Jumapili, bado. Jumatatu akauliza kwa macho tu. Nimelaani huu mdomo wangu, wacheni tu.

Jana akaenda bila jibu.

Leo kwa matanga Mwakesi amefika mapema na akodion imefungwa kwa shuka. Ochieng' akaingia, akampita kama amepita mti, akaja moja kwa moja pale kwa sufuria za chai. Nikajua nimekwisha.

"Ile kitu umefuta?"

"La, Mzee. Sijagusa."

"Usifute."

Akageuka kuenda, akarudi. "Jumamosi tukimzika Nyambu nitabeba chupa. Mwambie yule akuje na hiyo akodion yake. Akae upande ule mwingine. Na asikimbize."

Nikaenda kumwambia Mwakesi. Mzee mzima alilia mpaka chai ikamwagika.

Baba Nyambu, nimebeba habari za watu maisha yangu yote, na hii ndiyo kubwa kuliko zote. Wewe ndiye nilitaka ujue wa kwanza. Umenishinda kwa siku moja tu!

Amesema tusifute, Baba. Umesikia? Tusifute.

Sasa lala. Lala salama, mzee wangu.