Msomi Aliyejitwika Mtungi

Sisi tuliokulia Isongole enzi za Mwingereza tulicheza rede kwa mpira wa majani makavu ya mgomba, tukala viazi vya kuchoma majivuni, na msomi tulimjua mmoja tu: Kaka Ambakisye, mtoto wa baba yangu mkubwa, aliyekuwa chuo cha juu huko Uganda.

Alipokuja likizo, watu walijaa uani kusikia Kiingereza. Yeye akavuta kigoda, akaanza kuwauliza maswali kwa Kindali, lugha yetu ya nyumbani. Bibi akaguna, "Msomi gani huyu, anauliza badala ya kujibu?"

Swali moja alimuuliza baba. "Baba mdogo, mbona Tumpale ameacha shule?"

"Mama yake mgonjwa. Nani atachota maji?"

Tumpale ndiye mimi, binti yake. Nilikuwa nyuma ya ghala, machozi yananitoka, maana shule niliipenda kuliko ngoma, na neno la baba halikupingwa.

Kesho yake alfajiri Kaka alisokota ngata, akajitwika mtungi, akashuka Mto Songwe. Mwanamume mzima, na suruali yake ya kupigwa pasi! Wanawake mtoni walicheka hadi wale wa ng'ambo, upande wa Nyasa, Malawi ya leo, wakasimama kutazama. Alirudi shati limelowa chapachapa. "Nenda shule," akaniambia, "kengele isikukute njiani."

Likizo nzima alifanya hivyo. Baba alinuna, akawa hapiti hata kwenye bao, kwa kuogopa maneno ya wenzake. Siku ya safari Kaka akamuuliza kwa upole, "Kesho nani atachota, baba mdogo?"

Baba aliuokota mtungi, akamgeukia kaka yangu mkubwa aliyekuwa akiota jua uani. "Na wewe una kichwa, sivyo?"

Hivyo nikamaliza shule, nikawa mwalimu. Ambakisye naye akawa profesa, akafundisha walimu chuo kikuu hadi mvi zikamjaa. Kila nilipokutana na wanafunzi wake walisimulia jambo lilelile: kabla ya somo la kwanza aliwapeleka vijijini, wakawasikilize wazazi ambao watoto wao hawaendi shule.

Vijana wa leo wana digrii mbilimbili, na simu zimejaa picha zao za mahafali. Nawafurahia, ingawa ukimwomba mmoja akusomee maandishi ya dawa, atakwambia yuko bize. Enzi zetu joho lilikuwa moja kwa bonde zima, nasi sote tulitembea vifua mbele kama tuliolivaa.