Udongo wa Nyasi

Siku tulipomzika babu, baba yake mama, kila aliyesimama kusema alimwita mchapakazi. Nilikaa chini na wanawake wenzangu, hasira ikinipanda kila neno hilo liliporudi. Lilikuwa neno la kweli. Lakini waliolitamka kwa sauti kubwa ndio waliomwacha mzee yule, mgongo umepinda, abebe nyasi peke yake.

Nieleze kwanza habari ya nyasi, maana asiyeijua kazi hii ataona nakasirikia kitu kidogo. Wapitao barabara ya Biharamulo huona migomba imezifunika nyumba, wakasema Wahaya tumejaliwa ardhi nzuri. Hatukujaliwa. Ardhi tuliyopewa ni ile ya rweya, nyika iliyo wazi nje ya vijiji, ambako mahindi yakiota hayapiti goti. Kibanja, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, ni udongo uliotengenezwa na watu. Unakata nyasi rweya, unazibeba kichwani, unazitandaza chini ya migomba, unaongeza samadi, unangoja zioze, unarudia. Ukiacha miaka michache, udongo unachoka na kuwa kama ule wa nje. Si kazi ngumu kujifunza. Mimi niliiweza nikiwa darasa la tatu. Ugumu wake ni kwamba haiishi.

Babu aliianza kabla mama hajazaliwa. Nilipokuwa nikiishi kwake, karibu na Rubya, aliniambia nichomeke mkono udongoni nyuma ya jiko. Ukazama mpaka karibu na kiwiko.

"Hapo yupo baba yangu, na baba yake," alisema. "Sisemi makaburi. Nasema nyasi zao."

Matanga yalipokwisha, mjomba, mwanawe mkubwa na mrithi wake, alikuja kutoka Kitendaguro anakoishi. Alileta pikapu imejaa miche ya mikaratusi na vibarua wawili wenye mapanga. Bibi alikuwa nje ya jiko akimenya ndizi. Mimi nilikuwa namsaidia.

"Mama, nimepata dawa ya kibanja," mjomba alisema. "Mkaratusi hauombi nyasi. Unapanda, unaondoka."

"Kuondoka unakujua," bibi alijibu bila kuinua kichwa. "Na mimi nitakula nini, waitu? Majani yake?"

"Nitakuletea unga."

"Unga. Kumbe nimerudishwa bweni."

Kibarua mmoja aligeuka pembeni kucheka. Mimi nikajaribu kueleza kwa upole. Nilimwambia mjomba kwamba miti ile inakunywa maji ya kila kilicho jirani yake, na kwamba rweya kuna nafasi tele.

"Wewe ni mwihwa," alinikata. "Tangu lini mtoto wa dada akasemea kibanja cha ukoo? Nenda kasemee cha baba yako. Halafu mimi sijauza. Mwiko ni kuuza. Nimeuza?"

Hakuwa ameuza. Hapo ndipo hasira yangu ilipokosa pa kwenda. Wazee walikataza kumpa mgeni kibanja. Hakuna aliyewaza kwamba mtoto wa nyumbani angekiua kwa mkono wake na bado awe hajavunja mwiko wowote.

"Mjomba, mara ya mwisho umebeba nyasi lini?"

"Nilikuwa natafuta maisha."

"Babu alikuwa anayabeba kichwani."

Mjomba aliwaonyesha vibarua pa kuanzia. Mgomba ukikatwa hauna kelele, ni maji matupu; unalala tu. Mibuni waliing'oa na mizizi yake, udongo mweusi ukiwa umeing'ang'ania. Kufikia mchana nusu ya chini ilikuwa imekwisha. Walipopanda kuelekea jikoni, bibi alibeba kigoda na beseni lake, akaenda kukaa katikati ya migomba, akaendelea kumenya.

"Endeleeni," aliwaambia. "Mtakata mkinizunguka."

Vibarua walimtazama mjomba. Mjomba alimtazama mama yake. Kisha akawaambia wapande miche huko chini waondoke.

Sasa mikaratusi hiyo imenipita kimo. Migomba ya mpakani inatoa mikungu midogo, vidole kama vya mtoto. Jumamosi napanda basi kutoka Muleba mjini, nakata nyasi rweya, nazitandaza nusu ya juu. Kama una mzee anayefanya kazi hii peke yake, nawe nenda; mzigo wa kwanza utakuumiza shingo, wa tatu utauzoea.

Bibi akifa, mjomba atamalizia. Najua, naye bibi anajua. Watu huniuliza kwa nini nalisha udongo ambao hautakuwa wangu. Nawajibu kwamba bibi anakula leo, kisha nainama kukata, na siku hizo nyasi nazikata vibaya, kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.