Karai la Watu Wawili

Mwezi wa Mei 1997 nilimpoteza Athumani, mwenzangu wa karai. Vijana wanaonunua halua leo huniuliza ilikuwa ikipikwaje, nami siwezi kueleza bila kumtaja.

Siku yangu ya kwanza kwenye kiwanda cha halua, karibu na barabara ya Ndia Kuu, Fundi Mkuu alinipa mwiko wa mti ulionipita kimo. "Koroga," alisema. "Ukichoka mpe mwenzako. Mwiko usisimame." Sukari na wanga vikishaanza kuwa vizito, mkono ukisita kidogo tu halua hushika chini na karai zima huungua. Ndiyo maana tulikuwa wawili, kwa zamu. Samli hutiwa kidogo kidogo, kisha iliki na zafarani. Halua ikianza kuachana na karai, samli iking'aa pembeni, imeiva.

Tulifanya hivyo miaka mingi. Kisha, kabla ya Ramadhani ya 1996, utumbo wangu ulijipinda, nikapasuliwa tumbo. Nilirudi nyumbani, mtaa wa Kuze, na mshono kutoka kitovuni kwenda chini. Daktari alinikataza kuinua kizito. Muuguzi alinifundisha kukumbatia mto tumboni kila nikitaka kukohoa. Hakunifundisha la kufanya Athumani akija.

"Usinichekeshe, ndugu yangu. Mshono."

"Haya, nimenyamaza." Akakaa amenuna kama bwana harusi aliyekimbiwa. Nilicheka mpaka machozi ya maumivu yakanitoka, na mke wangu akamfukuza.

Fundi Mkuu naye alikuja kunitazama, Athumani akiwapo. Aliniombea dua, akanywa kahawa, kisha akasema lililomleta. "Idi yaja, Hamisi. Karai lataka watu wawili. Itanibidi nitafute mtu."

Hata kuketi nilikuwa nashikwa na maumivu. Mtu mpya akishazoea pale, mimi sina pa kurudi, na kazi nyingine sikuijua.

"Usitafute mtu, Fundi," Athumani akasema. "Zamu yake nitaikoroga mimi."

"Una mikono mingapi?"

"Miwili. Kwani huyu alikuwa akikoroga? Alikuwa akipiga porojo tu."

Fundi hakucheka. "Karai likiungua, mtatoka nyote wawili."

Ramadhani nzima Athumani alikoroga peke yake, na saumu, mbele ya moto wa kuni. Akishafuturu alipita kwangu, viganja vimechubuka, akisema joto ni dawa ya mifupa. Karai halikuungua.

Niliporudi kazini, Fundi alinipa mwiko anione. Niliuzungusha mara chache, tumbo likavuta. Athumani akauchukua mkononi mwangu, akaendelea kukoroga. Fundi alitutazama sote, akanipeleka kwenye mizani, kupima na kufunga halua. Huko ndiko nilikostaafia. Athumani akaletewa mwenzake mwingine.

Mwaka uliofuata alifariki kwa homa. Watu wameniuliza kama ile kazi ya watu wawili ndiyo iliyomdhoofisha. Sijui. Ningejua ningesema.

Tulimzika baada ya Alasiri. Jeneza lilipotolewa nyumbani, mpwa wake alinishika mkono. "Mjomba, wewe usitie bega. Tumbo lako."

Nilitia. Sikufika mbali. Kabla ya kona ya kwanza mtu alinigusa mgongoni, akaingia mahali pangu, nami nikarudi nyuma nikatembea na wengine.