Vibisi Wawili Wasioruka

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi inang'ata vidole. Nicolasa Tintaya anavuta wavu wake kwenye ghuba ya Puno, Ziwa Titicaca, mbali na matete. Miaka miwili iliyopita angeutega kulekule kwenye matete, walipo samaki wengi.

"Na walipo vibisi," anasema.

Kibisi wa hapa ni ndege wa majini asiyeweza kuruka. Akishtuka hutimua mbio juu ya maji akipigapiga mabawa yake mafupi, kisha huzama. Akizamia kwenye wavu, haibuki. Asubuhi moja Nicolasa, mvuvi wa miaka 52, aliwanasua watatu, wote wamekufa.

"Nilitazama yale macho mekundu nikajiuliza, hivi wamebaki wangapi?"

Jibu alilipata mbali. Mwaka jana kikundi cha wapenda ndege kilimpeleka Ziwa Junín, kwa kibisi mwingine asiyeruka, ambaye hapatikani penginepo duniani. Mwenyeji wake alikuwa mlinzi wa hifadhi, Zósimo Huaynate.

"Wako wana shingo nyekundu kama walevi wa pombe ya chicha," Zósimo alimtania. "Wangu wamevaa fedha."

"Fedha gani, kaka? Hao wamepauka kwa njaa."

Utani uliishia mtumbwini. Walizunguka asubuhi nzima, wakaona kumi na mmoja tu. Zósimo alimweleza kuwa uchafu wa migodi na maji yanayopanda na kushuka vimewapunguza hadi mia chache. Wako ukingoni kabisa mwa kutoweka. Wa Titicaca nao wamo hatarini, ila bado wanafika elfu na ushei.

"Kwa hiyo wangu wana nafuu?" Nicolasa aliuliza.

"Hata wangu walikuwa maelfu, dada. Babu yangu aliwaona."

Aliporudi nyumbani alihamisha nyavu. Samaki wakapungua. Mumewe, Eusebio, akanuna wiki nzima.

"Nilimuuliza, sasa tule ndege wako?" anakumbuka Eusebio, akicheka. "Akaniambia, kula viazi unyamaze."

Siku hizi wanatega pamoja, na wavuvi sita wamewafuata. Nicolasa anataka kijiji kizima kikubali kuacha matete bila wavu hata mmoja msimu wa kutaga. Mkutano ni Jumapili.

"Watanicheka. Wacheke," anasema. "Zósimo anakuja. Nimemwomba awaeleze kitu kimoja tu: ziwa linavyokuwa kimya ndege wakiisha."