Ubao wa Bwana Karani

Mwaka wa hamsini na sita, jirani yetu wa Muthurwa, karani wa reli, alikuwa akipanga hospitali ya macho yenye chuo chake. Vidole vyeupe kwa chaki, sauti kama king'ora: "Daktari akienda, abaki aliyefunzwa naye!" Hakupita mtu mlangoni pake, hata muuza maziwa, bila kusomeshwa ubao wa herufi za kupimia macho. Jumapili moja akamsimamisha Bi Muhiba, jirani yake wa ukuta mmoja, ambaye asubuhi hiyo alilisalimia koti lililoanikwa kambani, akaliuliza hali ya watoto. Bibi akazisoma herufi zote, hakukosea hata moja. Ubao ulikuwa bado umegeuziwa ukutani.

"Kwani lazima nizione?" akauliza. "Miezi mitatu nazisikia kwangu."

Karani akakuna kidevu, akalifuta jina lake kwenye orodha ya wagonjwa, akaliandika kwenye ya walimu.