Unga wa Ulezi na Viza ya Kupita

Kosa ni langu, na nimelikiri mbele ya ukoo mzima. Mdogo wangu anaishi ng'ambo na mumewe. Mimba ilikuwa ya kwanza, na kila jioni alinipigia simu akilia kwamba anaogopa, anamtaka mama. Nikajifanya mjuaji. Nikakaa dukani kwangu hapa Sumbawanga mjini, nikamkatia mama tiketi kwa simu: mbili, za mashirika mawili tofauti, na katikati saa kumi na nne za kusubiri kwenye nchi ya watu.

Siku nne kabla ya safari ndipo nikampigia wakala wa tiketi Dar, kumuuliza mama atapumzika wapi.

"Ana begi la kupakia?"

"Analo. Kubwa."

"Pole dada. Tiketi zako hazijaungana. Begi litatolewa pale, alifuate nje, alikabidhi upya. Kutoka nje ni kuingia nchini mwao, kwa hiyo anahitaji viza ya kupita, na maombi huchukua wiki mbili. Akiwa na mkoba wa mkononi tu, anabaki humo humo ndani. Viza hadaiwi."

Jamani! Wiki mbili mtoto si atakuwa keshazaliwa? Nikafunga duka, nikaenda Pito kwa mama.

Begi lilikuwa kitandani, limejaa unga wa ulezi wa uji wa mzazi. Ulezi kaulima mwenyewe, kaupepeta, kausaga. Juu yake nguo.

"Shikamoo mama," nikasema, kisha nikamweleza yote. Nilijua nitatukanwa. Yeye akaligeukia begi.

"Huo mkoba wa mkononi unabeba kilo ngapi?"

"Saba."

Akaanza kutoa nguo. Gauni la kanisani, vitenge, khanga mpya. Mkoba mdogo akaujaza unga mtupu.

"Sasa mama, utavaa nini huko?"

"Nitavaa za mwanangu. Kwani naenda kutembea mimi?"

Alisafiri na magauni mawili mwilini na sweta juu, katika joto la Dar. Zile saa kumi na nne mimi sikula kitu. Yeye alizimaliza kwenye kiti, mkoba mapajani, anasali rozari.

Kesho yake simu ikaita. Mdogo wangu, anahema.

"Dada, mama kafika. Kanishika mkono. Sasa uchungu uje tu."