Spea Haikimbizwi

Nakumbuka siku moja tulikuwa watatu garini, na kila mmoja namtaja kwa jina. Mzee Omwenga, baba mkwe wangu, ameshika usukani. Kemunto, binti yake, alikuja kwao kujifungua mimba ya kwanza, na uchungu umeshamshika. Na mimi Moraa, mke wa Nyabuto, mwana mkubwa wa Mzee, nimempakata Kemunto kiti cha nyuma. Tulitoka Birongo asubuhi kwenda hospitali Kisii. Uhuru ulikuwa bado mpya, na gari kijijini lilikuwa hilo moja.

Jana yake Nyabuto alipata panchari. Akafunga spea, akalibeba lile gurudumu bovu kwenda kwa fundi mjini, akaniachia neno: "Mwambie Baba asikimbie. Hiyo ni spea."

Mwanangu unayeolewa, spea ya siku hizo haikuwa gurudumu kama mengine. Mengine yalikuwa na meno ya kung'ata matope. Spea ni lile lililozeeka, kipara kama kichwa cha babu yenu, nyuzi zinachungulia. Kazi yake ni kukufikisha kwa fundi, polepole, basi.

Neno ninalo, mdomo sina. Kwetu Kisii kuna ensoni, ile haya ya mtu na mkwe wake. Mke wa mwana hamsemeshi baba mkwe hivi hivi. Neno hupitia kwa mtu wa kati. Wa kati siku hiyo ni Kemunto, naye anauma leso.

"Kemunto, mwambie Baba..."

"Niache, Moraa! Nakufa!"

Nikanyamaza. Mzee naye kila akisikia bintiye analia, anakanyaga mafuta. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Changu kililipuka mteremkoni pamoja na ile spea, pwaa! Gari likaingia mtaroni, na spea nyingine hakuna.

Wanawake waliokuwa wakichuma pareto wakaja mbio, wakatuzungushia leso. Mtoto akatoka hapo hapo, lakini halii. Kerubo, mkubwa wao, akampangusa, akampuliza puani, akampuliza tena. Moyoni nasema, nimeua. Hata akalia. Msichana! Tukamwita Nyanchera, wa njiani.

Mzee alisimama mbali, ametupa mgongo. "Mwulizeni mke wa mwanangu, alijua ni spea?"

Nikamnong'oneza Kerubo. "Alijua. Anasema aliona haya," akamjibu. Kisha akanigeukia mimi: "Haya ni nguo, mama. Ni ya kumsitiri mtu, si ya kumziba pua."

Mzee akakohoa. "Mwambieni siku nyingine apige kelele. Hata anitupie kiatu!"

Mwanangu, mficha uchi hazai. Waheshimu wakwe zako, usiwazoee. Lakini ukiona hatari na mtu wa kati hayupo, sema na mlango, sema na kioo, mwenye masikio atasikia. Mungu akujalie wakwe wema, na watoto wanaolia wakizaliwa.

Na kama yule mama hakuwa Kerubo, alikuwa dada yake Kwamboka, mnaokumbuka mnisahihishe. Sitaona haya.